Dua na dozi: Funzo nililolipata Wampembe



Wampembe iko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, wilayani Nkasi, chini ya nyanda za juu za Ufipa. Usiku mmoja baada ya swala ya Isha, mvuvi wa dagaa alinidokeza faraghani kwamba anaishi na VVU, na kwamba ameacha dawa kwa sababu amepata nafuu. Nikasema, "Alhamdulillahi," nikamwombea dua. Sikumuuliza la zaidi.

Miezi kadhaa baadaye nilimkuta amekonda, anakohoa. Akaniambia: "Shekhe, siku ile ulisema Alhamdulillahi, nami nikaona umeniruhusu."

Kauli ile ilinikosesha usingizi. Nikajifunza niliyopaswa kuyajua kabla ya kupanda mimbari.

Allah (s.w.) ameujaalia mwili kuwa na askari ndani ya damu. Miongoni mwao ni chembe za T. Zile za CD4 ni makamanda wanaowaamrisha wenzao. Zile za CD8 huziua chembe ambazo adui amekwisha kuziingia. VVU huwaangamiza makamanda. Wapo watu wachache mno ambao askari wao humdhibiti adui kwa miaka bila dawa, lakini kwa walio wengi askari huchoka kwa vita visivyokwisha. CD4 zikishuka chini ya 200, magonjwa nyemelezi hupata mlango.

Dawa za ARV, ambazo Tanzania ilianza kuzitoa bure mwaka 2004, humzuia adui asizaliane, askari wakapata nguvu. Lakini baadhi ya virusi hubaki vimejificha ndani ya chembe zile zile za CD4. Dozi ikiachwa, huibuka tena, mara nyingi baada ya wiki chache tu. Kwa hiyo nafuu si kupona.

Mwaka 2011 watu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe, na wapo walioacha ARV. Tusiwacheke. Kwetu nako wapo wanaoacha dozi kwa ajili ya kombe.

Mtume (s.a.w.) alituhimiza kutafuta dawa, na akatufundisha kumfunga ngamia kisha kumtegemea Allah. Dozi ndiyo kamba. Hata Ramadhani mgonjwa ana ruhusa, na anayeweza kufunga amuulize daktari kuhusu kumeza dawa wakati wa futari au daku.

Enyi maimamu wenzangu, muumini akikwambia amepata nafuu, mshukuru Allah, kisha muulize: "Dozi unaendelea nayo?" Mvuvi yule amerejea kwenye dozi. Mimi ningali naomba msamaha.

Wabillahi tawfiq.