Mwanafunzi Asiyesema

Kusema ni alama ya uhai wa akili, lakini kunyamaza si dalili ya kufa kwake. Ukweli huu ni mwepesi kutamka na mzito kutenda, hasa shuleni, ambako mtoto hupimwa kwa jibu lake. Mwalimu akiuliza na mtoto asijibu, hukumu huwa karibu: huyu ni mjinga, au ni mkaidi. Je, ni haki kumlazimisha mwanafunzi aseme kwa lugha ambayo bado hajaimiliki?

Mfano wake ni mwingi Tanzania. Mtoto husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha huingia kidato cha kwanza, ambako karibu masomo yote hufundishwa kwa Kiingereza. Aliyekuwa hodari wa kuuliza sababu ya mvua na njia ya damu mwilini huketi sasa kama mgeni katika nyumba ya watu. Saa ya mapumziko sauti yake husikika uwanjani. Kengele ikilia, hurudi kimyani. Hakupungukiwa na fikira. Amepungukiwa na chombo cha kuzichukulia. Msafiri aliyekosa mashua hahesabiwi kuwa hajui aendako.

Wachunguzi wa lugha wanakijua kimya hiki. Ajifunzaye lugha ya pili aghalabu hupita kipindi cha kusikiliza kabla ya kusema. Baadhi hukaa humo majuma machache, na wengine miezi. Mtoto mchanga naye husikiliza kwa karibu mwaka mzima kabla ya neno lake la kwanza, wala hakuna mama amchapaye kwa kuchelewa.

Kipo na kimya cha namna nyingine. Mwaka 1877 tabibu wa Ujerumani, Adolf Kussmaul, aliandika habari za watu waliokuwa na uwezo wa kusema lakini mahali pengine hawakusema. Akakiita kimya hicho cha hiari. Mwaka 1934 Moritz Tramer wa Uswisi alikiita kimya cha kuchagua. Majina yote mawili yalimtwika mnyamavu lawama. Mwaka 1994 matabibu wa akili wa Marekani walilibadili jina, lisidai tena kwamba mtoto amekataa kwa makusudi. Na mwaka 2013 walikiweka katika kundi la maradhi ya wasiwasi. Ilipita zaidi ya karne moja kutoka neno hiari mpaka neno hofu. Matabibu hao huonya pia kwamba asiyesema kwa sababu tu hajui lugha ya shule asiitwe mgonjwa. Kwa hiyo sharti wazazi waulizwe kwanza jinsi mtoto asemavyo nyumbani. Akiwa kimya huko pia, au kimya chake kikidumu kupita kiasi, masikio yake yapimwe na tabibu aonwe.

Yuko atakayesema kwamba asiyelazimishwa hajifunzi, na kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Hoja hii ina uzito. Lugha haimilikiwi pasipo kutumiwa, na mwalimu amwachaye mtoto pembeni mwaka mzima kwa jina la huruma amemtupa kwa upole. Walakini kulazimisha na kusaidia ni mambo mawili mbalimbali. Fimbo huweza kufungua kinywa, lakini haifungui akili; na kicheko cha darasa hufunga vyote viwili.

Msaada wenyewe hauna gharama kubwa. Mtoto aruhusiwe kujibu kwa kidole, kwa picha, au kwa maandishi. Aketi karibu na mwenzake mmoja amwaminiye, aseme naye kwanza kwa sauti ndogo. Afikiri kwa lugha aijuayo, kisha apewe maneno ya kuvushia fikira hiyo. Akiulizwa, angojewe, wala asijibiwe na mwingine kabla hajakusanya maneno yake. Siku atakapotamka neno la kwanza, lipokewe kama neno la kawaida, kwa maana shangwe nyingi humtisha mwoga kama karipio.

Kusubiri kwa namna hii si ulegevu. Ni kazi ya kila siku. Kati ya mwenye lugha na asiye nayo, mwenye nguvu ni wa kwanza, na mwenye nguvu ndiye mwenye wajibu mkubwa zaidi. Kabla mtoto hajadaiwa neno, mwalimu hudaiwa sikio.