Hesabu ya Kukodi

Kuna swali ambalo makomredi wa uhandisi hulijibu kabla hata halijaulizwa: je, ni wizi kutumia MATLAB ambayo hujailipia? Jibu la hosteli linajulikana. Kampuni iko Marekani, ina hela, haijui kama wewe upo, na mhadhiri anataka grafu Ijumaa. Flashi inapita mkono kwa mkono, kila mtu anajiwekea, maisha yanaendelea. Jibu la wahubiri wa maadili nalo linajulikana. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inaihesabu programu ya kompyuta pamoja na kazi za uandishi, kama kitabu, kwa hivyo mwizi ni mwizi tu.

Mimi naona majibu yote mawili yanaliruka swali lililo chini yake. Je, kitu ulichojifunza kwa jasho lako kinaweza kubaki mali ya mtu mwingine?

Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipokataa kabisa. Siku unapotoka, hakuna anayekufuata kukunyang'anya daftari au kitabu ulichonunua mtaani. Lakini leseni ya mwanafunzi ni ya mwanafunzi. Usajili ukiisha, nayo imeisha. Faili zako bado ziko kwenye flashi, uliziandika mwenyewe usiku, unaujua kila mstari, ila huwezi kuzifungua zikafanya kazi pale zilipozaliwa. Hapo ndipo unagundua kwamba kumbe hukuwa umefundishwa hesabu peke yake. Ulifundishwa pia kukodi.

Na jambo hili lina historia ya kuchekesha kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Cleve Moler alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha New Mexico. Alitaka wanafunzi wake watumie LINPACK na EISPACK, maktaba za programu za kukokotoa matriksi, bila kuteswa kwanza na lugha ya Fortran. Maktaba hizo zilikuwa zimetengenezwa kwa msaada wa fedha za umma wa Marekani. MATLAB ya kwanza ilikuwa ya kumrahisishia mwanafunzi maisha, na Moler aliigawa bure. Kampuni ya MathWorks ilikuja baadaye, mwaka wa 1984, akiwa pamoja na Jack Little, na programu ikaandikwa upya na kuanza kuuzwa.

Sisemi kwamba kuuza ni dhambi. Waliongeza kazi nyingi: majaribio, maelezo yanayosomeka, vifaa vya kila aina. Fundi anastahili ujira wake. Ndiyo maana sikubaliani na jibu la hosteli. Kumdharau fundi kwa sababu yuko mbali na ana pesa ni hoja ambayo hata mwizi wa kuku anaweza kuitumia.

Lakini hebu tutazame ni nani hasa anayeumizwa na ile nakala ya kraki. Kampuni haipotezi mteja, kwa maana komredi hakuwa na pesa za kulipa tangu mwanzo. Anayeumia ni komredi wa mwaka ujao. Kwa sababu kila mtu "anayo", mhadhiri anaendelea kutoa kazi kana kwamba programu ile ni chaki tu, iko kila darasa. Idara haiulizwi mbona inadai kifaa ambacho haijawapa wanafunzi wake. Halafu tunahitimu, wale wanaohitimu, tukiwa hatujui njia nyingine, na ofisi ndogo inayotuajiri inarithi magendo yetu. Kraki inaonekana kama uasi, kumbe ni utumwa wa mtu asiyelipa. Inalinda mlango uleule inaojidai kuuvunja.

Na njia nyingine ipo, tena siku nyingi. Mwaka wa 1992 John W. Eaton alianza kuiandika GNU Octave, akaipa jina la mwalimu wake wa zamani wa uhandisi wa kemia, Octave Levenspiel, aliyesifika kwa kukadiria majibu haraka bila makuu. Ni bure, msimbo wake uko wazi, na faili nyingi za MATLAB zinakubali humo bila kubadilishwa au kwa marekebisho madogo. Python na NumPy yake nayo iko.

Utaniambia, "Octave haina Simulink." Kweli, na anayebuni mifumo ya kudhibiti mitambo atahisi pengo hilo. Basi mwenye kuihitaji ailipie, au chuo kimlipie. Ila kutatua milinganyo minne na kuchora grafu moja hakuhitaji hayo yote.

Utaniambia pia kwamba uwazi haufanyi jibu kuwa sahihi. Hilo nalo ni kweli. Uliza Octave kama 0.1 + 0.2 ni sawa na 0.3, itakujibu 0, yaani hapana, na MATLAB itakujibu vivyo hivyo, kwa kuwa kompyuta huhifadhi namba kwa mfumo wa jozi na sehemu ya kumi haiingii humo kikamilifu. Uwazi haukuondolei makosa. Unachokupa ni haki ya kuyatafuta. Mwaka wa 2013 mwanafunzi Thomas Herndon wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst alipewa faili ya Excel ya wachumi Reinhart na Rogoff, ambao utafiti wao wa 2010 kuhusu deni la taifa ulikuwa ukitajwa sana na wanasiasa waliotaka serikali zibane matumizi. Akakuta fomula iliyoruka nchi tano. Mwanafunzi! Alichohitaji ni faili ifunguke.

Kama bado unadhani hii ni shida ya maskini peke yao, kumbuka Harbin. Mwaka wa 2020 Taasisi ya Teknolojia ya Harbin, chuo kikubwa cha China, ilizimiwa MATLAB kwa sababu serikali ya Marekani ilikuwa imeiweka kwenye orodha ya vikwazo. Tatizo halikuwa pesa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na hapa hata si ndugu.

Kwa hivyo ndiyo, kutumia kraki ni kosa. Lakini kosa hilo lina mzazi, naye ni yule anayedai kazi ifanywe kwa kifaa kimoja tu bila kujali nani anaweza kukipata. Mhadhiri akiandika mstari mmoja kwenye karatasi ya kazi, "MATLAB, Octave au Python, chagua," atakuwa amefanya zaidi ya mahubiri yote kuhusu wizi. Na yule atakayetoka chuoni kabla ya wakati, atatoka na hesabu yake.