Rangi Nyeusi ya Bendera

Kwa miaka mingi nimewafundisha watoto, na baadaye walimu wa watoto, maana ya bendera ya Taifa. Somo lenyewe si gumu. Kijani ni ardhi na uoto wake; buluu ni bahari, maziwa na mito; manjano ni madini; nyeusi ni watu. Tanganyika ilipopata Uhuru mwaka 1961 bendera yake ilikuwa ya kijani, nyeusi na manjano. Ilipoungana na Zanzibar mwaka 1964, buluu ya Zanzibar ikaingia, na mlia mweusi ukakaa mshazari. Mtoto wa darasa la tatu huyakariri hayo kwa siku moja.

Lakini iko siku inayonisuta hadi leo. Niliwaagiza watoto wachore bendera. Mmoja akaleta yake ikiwa na mistari myeupe mahali pa manjano. Nikamwuliza kwa ukali kwa nini ameiharibu bendera ya Taifa. Akanyamaza. Nikamchapa fimbo mbili mbele ya wenziwe. Jioni mwenzake akanieleza kuwa yule hakuwa na kalamu hata moja ya rangi. Zote aliazima, na ya manjano hakuipata.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza: je, yafaa kuiheshimu alama kwa kumvunjia heshima yule inayemwakilisha? Niliitetea rangi ya madini kwa kumwadhibu mtoto ambaye yeye mwenyewe ndiye rangi nyeusi.

Wapo watakaosema kuwa pasipo adabu mbele ya bendera hakuna taifa. Sibishani nao. Nilisimama wima kila asubuhi ilipopandishwa, na hata leo ningesimama. Lakini kitambaa hakioni uchungu wala haya. Heshima tunayokipa ni amana ya watu, tumekikabidhi kitutunzie tu. Ukimnyima mtu heshima yake ili ukipe kitambaa, umemwibia mwenye mali ukampa mlinzi.

Kwa hiyo nawaambia walimu vijana: mtoto akikosea kuchora bendera, mwulizeni kwanza, tena kwa upole, kisha ndipo mumsahihishe. Huko kuulizwa nako ni somo la uraia.

Yule mtoto sikumwomba radhi. Siku zile niliamini kwamba mwalimu hamwombi radhi mwanafunzi. Mwaka uliofuata wazazi wake walihama, nami sikumwona tena. Majuto ni mjukuu.