Haki ya Asiyepona

Katika nyanda za Singida, ambako mvua ni ya msimu mmoja tu na mkulima hana budi kuufanya mtama, uwele na alizeti alizovuna zimfikishe mpaka mvua nyingine, paka hafugwi kwa uzuri wa manyoya yake wala kwa utamu wa sauti yake, bali hufugwa kwa ajili ya panya. Na mwenye nyumba aliyekosa paka hodari huja kujua, kabla kipupwe hakijakwisha, ni madebe mangapi yaliyoliwa gizani. Desturi hiyo ina akili ndani yake, wala siilaumu. Walakini imezaa fikira moja ambayo haisemwi waziwazi, nayo imetulia katika nyumba nyingi mfano wa sheria: kwamba chakula cha paka ni ujira wa kazi yake, na kwamba paka asiyeweza kazi hana dai lolote juu ya mwenye nyumba. Nataka kuichunguza fikira hiyo, kwa kuwa naamini si kweli, na kwa kuwa uongo wake haumdhuru paka peke yake.

Jambo hili lilinijia kwa mlango wa mtoto wa paka ninayekaa naye mjini Singida, upande wa ziwa Singidani, ambaye aliugua mafua angali ananyonya, na mafua hayo hayakumwua kama yalivyowaua ndugu zake, wala hayakumwacha kama yanavyowaacha paka wenye bahati. Pua yake hutoa kamasi nzito, pumzi yake husikika chumba cha pili, jicho lake la kushoto lina utando mweupe, na chafya zake huja mfululizo wakati wa alfajiri. Kuna siku huamka mwepesi, akakimbiza unyoya wa kuku uani hata mtu akasahau kuwa ni mgonjwa. Na kuna siku, hasa upepo wa kipupwe unapopenya baina ya majabali na kuja na vumbi na baridi, macho yote mawili hushikana kwa utongo, naye hujikunyata kando ya jiko asitake hata kulitazama bakuli. Maradhi haya si ya kufa na si ya kupona, na hapo ndipo ulipo ugumu wake, kwa maana huruma ya binadamu imezoea njia mbili, ama kumwuguza mgonjwa mpaka ainuke, ama kumwuguza mpaka azikwe. Ugonjwa usiokuwa na mwisho huichosha huruma, na huruma iliyochoka hutafuta sababu ya kuondoka.

Yafaa kwanza tuyajue maradhi yenyewe, kwa kuwa ujinga umewaua paka wengi kuliko maradhi. Wafugaji wa kuku wa kienyeji, ambao mkoa huu una sifa yao hata Dar es Salaam, wanayajua mafua ya kuku, na ugonjwa wa kideri wanauhofu zaidi. Basi wasikiapo kuwa paka ana mafua hudhani ni balaa ile ile, na kwamba kesho itakuwa imeingia bandani. Sivyo. Mafua ya paka aghalabu huletwa na virusi vya namna mbili, vya herpesi na vya kalisi, ambavyo wataalamu walivitenga maabarani, hivi vya kalisi huko New Zealand katika mwaka 1957, na vile vya herpesi huko Marekani katika mwaka 1958. Na vyote viwili havimwambukizi mtu wala kuku. Virusi vya kalisi hufanya vidonda katika ulimi na kinywa, na paka aliyepoa aweza kuendelea kuvitoa kwa majuma au miezi. Vya herpesi vina hila kubwa zaidi: vimalizapo kuunguza pua na macho, hurudi nyuma vikajificha ndani ya mishipa ya fahamu ya uso, vikakaa humo kimya muda wote wa maisha ya mnyama, mpaka siku atakapopatwa na mashaka, kama kuhamishwa nyumba, kuletewa paka mgeni, kuzaa au kuugua maradhi mengine, ndipo huamka tena. Zaidi ya hayo, vile vifupa vyembamba vilivyomo ndani ya pua, vinavyopasha hewa moto na kuisafisha, vikishaliwa na ugonjwa utotoni havioti tena kama vilivyokuwa, na bakteria hupata makao humo. Daktari wa mifugo aliyemwangalia paka wangu alinieleza bila kuficha kwamba dawa aliyonipa ilikuwa ni ya hao bakteria, na kwamba virusi vyenyewe havingeguswa nayo. Na kwamba chanjo huwafaa wale ambao hawajaugua bado.

Yaliyobaki ni matunzo, na matunzo yake ni madogo, ila hayana likizo. Macho yaoshwe kwa pamba na maji ya vuguvugu yaliyotiwa chumvi kidogo. Mnyama aketishwe karibu na mvuke wa sufuria. Na chakula, aghalabu dagaa wa Mwanza waliochemshwa na kupondwa, apewe kingali na moto kidogo, kwa sababu paka asiyesikia harufu hugoma kula, na paka mdogo aliyegoma kula huisha upesi. Asipewe kabisa vidonge vya parasetamoli tunavyomeza sisi, kwani ini lake haliwezi kuivunja dawa ile, na kidonge kimoja chaweza kumwua.

Sasa na turudi kwenye dai la paka juu ya mwenye nyumba. Kila Mwislamu aliyekaa chuoni ameisikia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfunga, asimlishe wala asimwachie akajitafutia wadudu wa ardhi. Husimuliwa kwa watoto kama onyo juu ya ukatili, na hilo ni sawa, lakini ndani yake mna hukumu nyembamba zaidi: mwanamke yule alikuwa na njia mbili za kuokoka, kumlisha au kumwacha huru. Mwenye paka mzima anazo njia zote mbili. Mwenye paka ambaye pua yake haisikii na jicho lake halioni, ile njia ya pili imemfungikia, kwa kuwa kumwachia asiyeweza kuwinda ni kumfunga kwa kamba ndefu. Wanazuoni wa madhehebu ya Malik waliliona jambo hili, wakasema kwamba paka kipofu akimkwamia mtu nyumbani, asiweze kwenda pengine, chakula chake ni wajibu juu ya mtu yule; na akiweza kwenda, wajibu haupo. Hawakuuliza kama aliwahi kukamata panya. Hawakuuliza hata kama mwenye nyumba ndiye aliyemtaka. Walitazama udhaifu wake na mahali ulipomfikisha, wakaona yatosha.

Wangu si kipofu kamili, na maradhi yake huja na kwenda, kwa hiyo msomaji mwenye macho makali ataniuliza: je, wajibu nao huja na kwenda, ukawepo siku ya kipupwe na kuondoka siku anapocheza na unyoya? Nimelifikiri sana jambo hili, na jibu langu ni kwamba mwenye maradhi ya kurudi-rudi yapasa ahukumiwe kwa siku yake ya udhaifu, kwa sababu siku ya nguvu hakuna aijuaye itadumu mpaka lini, na anayemtoa nje leo kwa hoja ya kuwa ni mzima, amemtoa pia kesho atakapokuwa mgonjwa. Nadhani hata kwa wanadamu tumekosa insafu katika jambo hili: mwenye pumu au mwenye kifafa huambiwa mvivu kwa ushahidi wa siku zake njema.

Imamu aliyelisema neno la wazi kupita wote, kwa kadiri nijuavyo, ni Izzuddin bin Abdissalaam, aliyezaliwa Damascus na kufariki Cairo katika mwaka 1262, mtu wa madhehebu ya Shafii ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani na bara ya nchi yetu. Husimuliwa juu yake kwamba aliwalazimisha maamiri wa Misri, waliokuwa bado watumwa kisheria, wanadiwe sokoni ndipo waachwe huru. Na mtu huyo huyo, asiyewaogopa wenye panga, aliketi akaandika haki za wanyama juu ya binadamu. Ya kwanza katika haki hizo ni kwamba mwenye mnyama amgharimie mahitaji yake hata kama amezeeka au ameugua kiasi cha kutotazamiwa manufaa yoyote kwake. Yeye aliiita haki. Angaliweza kuihesabu katika hisani, na watu wangalimsifu kwa upole wake. Lakini hisani hutolewa moyo ukiwa na nafasi, na yeye alijua kwamba mnyama mgonjwa huwa na njaa hata siku ambayo moyo wa bwana wake hauna nafasi. Tofauti hiyo ndiyo iliyoniondolea uchovu. Nilipokuwa nikihesabu kila bakuli la dagaa kuwa ni wema wangu, nilichoka upesi na nilitazamia shukrani; nilipojua kuwa ninalipa kilicho chake, mzigo ulipungua.

Bibi mmoja, jirani yangu, Mnyaturu mcha Mungu ambaye huniita mwanawe ingawa hatuna nasaba, aliniona naosha macho yale asubuhi moja akasema, "Mwanangu, huo ni mtihani wako. Mungu anakupima subira." Nilimwitikia kwa heshima, kwa kuwa alisema kwa mapenzi. Hata hivyo fikira ile siikubali. Kusema kwamba kiumbe huyu alitiwa ukungu jichoni ili mimi nipimwe ni kumfanya chombo cha hadithi yangu, ilhali yeye ana hadithi yake mbele ya Muumba, na Kurani inawataja wanyama wa nchi kavu na ndege kuwa ni umma mfano wetu. Wanazuoni wa kale waliyagombania maumivu ya wanyama. Kadhi Abdul-Jabbar na wenzake wa kundi la Muutazila walisema kwamba Mwenyezi Mungu, kwa uadilifu wake, hana budi kumfidia kila mnyama kwa maumivu aliyomteremshia. Kundi la Maashari likajibu kwamba viumbe vyote ni milki yake, wala hapana awezaye kumwekea Mungu sharti. Mimi si wa kuamua baina ya milima hiyo miwili. Naona tu kwamba pande zote mbili zilihesabu maumivu ya paka kuwa ni maumivu ya paka, na zikajua habari ya kwamba Siku ya Kiyama kondoo asiye na pembe atalipiziwa kisasi chake kwa mwenye pembe. Na subira, kama ipo nyumbani mwangu, tusimvike yeye, hajaichagua. Yeye hupiga chafya, na akiweza kula hula.

Rafiki yangu mmoja, katekista wa Kilutheri upande wa Iramba, alinikumbusha juu ya Mtume Paulo, aliyeomba mara tatu aondolewe mwiba mwilini mwake na asiondolewe. Niliupenda ukumbusho huo kuliko ule wa mtihani, kwa sababu ya neno moja lililomo ndani yake. Wasema kwamba dua ilisikiwa na mwiba ukabaki. Tangu siku hiyo dua yangu kwa mgonjwa huyu imebadilika. Zamani niliomba apone, na kila chafya ikawa ni kukataliwa. Sasa naomba ale.

Lipo jambo moja zito, nalo ni shauri la kumwua kwa jina la kumpumzisha, ambalo nimepewa na watu wema. Shamsuddin Ramli wa Cairo, katika ufafanuzi wake wa kitabu cha Minhaji cha Imamu Nawawi, alikataza kumchinja mnyama asiyeliwa hata kwa kumpumzisha, akatolea mfano punda mwenye maradhi yasiyopona. Katika mkoa huu wa punda, ambapo nimemwona punda aliyevunjika mguu akiachwa kando ya barabara ya Manyoni, sikuipokea hukumu hiyo kwa wepesi. Yako maumivu ambayo mbele yake moyo wangu huelekea upande wa wale wanaoruhusu, na Wamaliki wameruhusu. Lakini naiona hikima iliyomo. Mara nyingi asemaye "namhurumia" huwa amejichokea mwenyewe, na sheria iliwekwa kati ya uchovu wake na shingo ya mnyonge. Paka anayekimbiza unyoya hajaomba kupumzishwa.

Siku za karibuni mama mmoja wa Ikungi, aliyeshindwa na panya, alikuja kwangu. Baada ya salamu na kuulizana habari za nyumbani alisema, "Mwalimu, nimesikia una paka dume. Nipe nikamlee, mtama wangu unaisha." Ilikuwa njia nyepesi ya kumtua mgonjwa kwa mtu mwenye nia njema. Nilimweleza kwamba virusi alivyonavyo huwaambukiza watoto wa paka, na kwake yupo paka aliyezaa. Kwamba kuhamishwa kwenyewe kungeyaamsha maradhi. Na kwamba miongoni mwa haki alizozitaja Izzuddin ni kutomkusanya mnyama pamoja na kinachomdhuru, haki ambayo wale watoto wa huko Ikungi wanayo juu yangu ingawa sijawaona. Nikamwahidi mmoja wa paka wazima wanaozaliwa nyuma ya bucha la sokoni, apelekwe kwanza akachanjwe. Aliridhika, ila alipokuwa akifunga kanga yake kuondoka aliuliza huyu wangu, basi, atafanya kazi gani. Nilimjibu kwamba sikumwekea kazi.