Mchango Usiosomwa Jina

Sote twazijua kadi za mchango wa harusi. Huletwa mlangoni, kiasi huandikwa, na siku ya kikao mwenyekiti wa kamati husoma majina: fulani ametimiza ahadi, fulani bado. Hatusemi kwamba ni vibaya kusaidiana katika furaha. Lakini twauliza: yule ndugu asiye na kitu mfukoni, akisikia jina lake likisomwa mbele za watu, amechanga au ametozwa? Wako waliokopa ili wasiaibike. Na wako walioacha kabisa kuhudhuria mikutano ya mambo mema, kwa kuwa shilingi elfu mbili zao zaonekana kama dharau.

Kwa namna hiyo tumejifunza, bila kufundishwa na mtu, kwamba kusaidia ni kazi ya wenye fedha. Sisi twadhani si kweli, nasi twapenda kulipima neno hilo kwa jambo moja tu, nalo ni damu.

Damu haitengenezwi kiwandani. Karl Landsteiner aligundua makundi ya damu huko Vienna mwaka 1901, na tangu hapo waganga wamejua kuitoa kwa huyu na kumwongezea yule kwa usalama zaidi. Lakini hata leo haina chemchemi nyingine ila mwili wa mtu. Mfuko mmoja ni kama mililita 450. Tajiri hawezi kutoa mifuko mitano siku moja ili ashangiliwe, wala muuza mchicha haambiwi atoe nusu kwa sababu ni maskini. Kipimo ni kimoja. Na wala hakuna anayesoma majina. Mfuko hupewa namba, ukaenda zake.

Waendao kuipokea ni mama aliyetokwa na damu nyingi katika kujifungua, mtoto mdogo ambaye malaria imemmaliza damu, kijana aliyeanguka na pikipiki.

Kwa miaka mingi hospitali za Tanzania zilitegemea ndugu wa mgonjwa. Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ulioanzishwa mwaka 2004, ulikusudia tupate watu wa kutoa kwa hiari, lakini desturi ya zamani haijakwisha. Mtu husema: "Damu yangu ni ya watu wangu. Mwanangu akiugua, nitatoa." Neno hili lina heshima yake, na mzazi anayelisema hatumlaumu. Tatizo ni saa. Damu sharti ipimwe kundi, kisha ichunguzwe kama ina virusi vya UKIMWI, homa ya ini au kaswende, kabla haijaongezwa kwa mtu. Mama anayevuja damu usiku wa manane hana saa za kungoja mumewe afike, atolewe, apimwe. Damu itakayomwokoa ni ile iliyokwisha kuwamo katika jokofu, iliyowekwa na mtu ambaye hakujua anamwekea nani. Basi hata yule apendaye watu wake peke yao anamhitaji mgeni. Kila mtu akingoja zamu ya nyumba yake, jokofu litakuwa tupu siku ya nyumba zote. Swali la nani aliye jirani yetu tumelisikia kanisani mara nyingi. Huku hospitalini hulijibu kabla ya kumwona huyo jirani.

Tena damu haikai. Chembe nyekundu huhifadhiwa siku 35 hadi 42 tu, kwa kadiri ya dawa iliyomo mfukoni. Kwa hiyo kujitokeza kwa wingi tarehe 14 Juni, siku ya wachangiaji damu duniani, ni jambo jema lisilotosha. Wengi wa wanaotoa katika nchi zetu ni wanafunzi wa sekondari, na shule zikifungwa akiba hupungua. Ajabu kidogo, watoto kuwabeba watu wazima.

Liko na lalamiko: ati sisi twatoa bure, kisha yauzwa. Mwingereza Richard Titmuss aliandika kitabu kizima juu ya biashara ya damu mwaka 1970, akionyesha kwamba palipo na malipo, mtu huficha ugonjwa wake ili alipwe, na mgonjwa ndiye hudhurika. Damu isiuzwe, basi. Mifuko, vipimo na umeme vina gharama, hilo twalikubali, lakini mgonjwa akidaiwa bei ya damu yenyewe amekosewa, na yatupasa kwenda pamoja naye kwa uongozi wa hospitali kuuliza. Kuikunja mikono hakumwadhibu mwenye kosa. Humwadhibu yule mtoto wa malaria, ambaye hakuuza kitu.

Anayefaa ni mwenye umri wa miaka 18 hadi 65, mwenye afya, uzito usiopungua kilo 50. Mwanamume aweza kutoa kila baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4. Mjamzito na anayenyonyesha wangoje. Ale kwanza, anywe maji ya kutosha. Wazee wetu waliopita umri, na wale ambao mganga amewakataza, wasijione wametengwa: mama anayetaka kutoa ana mtoto wa kushikiwa, na kijana anayetoa kwa mara ya kwanza huogopa sindano, naye hufurahi akiwa na mtu wa kukaa naye kwenye benchi na kumtilia chai akimaliza.