Mgeni Katika Kibanja



Wazee wetu wa Karagwe waliwapenda wake zao. Asiwepo wa kusema hawakuwapenda. Lakini kibanja kilikuwa mali ya ukoo, na mke aliingia humo kama mgeni. Kahawa ya mume, maharage ya mke.

Sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zilimzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Kwa jirani zetu wa Muleba, Holaria Pastory aliuza shamba aliloachiwa na baba yake kwa wosia, akashtakiwa. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alimpa haki yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo inawapa wanawake haki sawa.

Basi mbona nyumbani mwetu, Karagwe na Kyerwa, mambo ni yale yale? Mume anauza kahawa kwa butura ingali mtini, mkewe hana habari, naye ndiye atakayeichuma. Ukimwuliza atajibu, "Nampenda, namlisha, namvisha." Hata mgeni hulishwa! Waefeso 5 tunaisoma kwa sauti kuu aya ya 22. Ya 25, inayomdai mume ajitoe mwenyewe, tunaipita mbio.

Nami nilijiona mume mwema. Daftari la chama cha msingi lina jina langu peke yangu. Jioni moja, akimenya ndizi, mke wangu akaniuliza, "Baba, ukitangulia wewe, mimi hapa nitakuwa nani?"

Nilitoka nje kufunga mbuzi.