Je, Mwenye Kujitolea Ana Deni?

Wazee wametuachia mithali mbili ambazo, ukiziweka pamoja, zaonekana kugombana. Ya kwanza yasema: Tenda wema nenda zako. Ya pili yasema: Ahadi ni deni. Ile ya kwanza yatufundisha tusingoje malipo wala shukrani. Ile ya pili yatukumbusha kwamba aliyetoa neno lake hana ruhusa ya kulitupa njiani. Sasa, mtu akitenda wema bure, bila kuombwa na bila mshahara, je, aweza kwenda zake tu? Au tayari amejifunga? Swali hili lilitufikia hapa Kisangani kwa njia ya kitu kidogo sana, yaani orodha ya nauli.

Wakaao hapa waijua njia yetu. Kati ya Kisangani na Ubundu meli haziwezi kupita, kwa sababu ya maporomoko ya Boyoma, ambayo ni saba. Kwa hiyo ilijengwa reli ya kilomita 125 kuyazunguka, ikafunguliwa mwaka 1906. Kituo chake kiko ng'ambo, katika Lubunga. Kwa miaka mingi safari za treni hiyo zimekuwa chache, na watu wengi hushika njia ya Ubundu kwa pikipiki. Msafiri atokaye Mangobo au Kabondo hulipa kwanza toleka, yaani baiskeli ya abiria, mpaka mtoni, kisha hulipa mtumbwi wa kuvuka, kisha nauli ya safari yenyewe, kisha mizigo. Penye malipo mengi pana nafasi nyingi za kudanganywa. Asiyejua bei hulipa bei ya mgeni.

Miaka michache iliyopita kijana mmoja wa parokia yetu, mpenzi wa treni tangu utoto wake, alitengeneza ukurasa mdogo kwenye intaneti. Ukiufungua katika simu, wachagua utokako, uendako na mzigo ulio nao, nao wakuonyesha nauli za treni, za pikipiki na za mtumbwi. Hakuna aliyemtuma wala aliyemlipa. Watu waliufurahia sana, na hata wasiojua kusoma waliwaomba watoto wao wawatazamie. Baadaye kijana huyo akaenda kusoma katika mji mwingine. Ukurasa ukabaki, lakini hapakuwa na mtu wa kuubadilisha. Petroli ikapanda bei, mvua zikaharibu njia, na nauli zikapanda nazo. Ukurasa ukaendelea kujibu kama zamani.

Ndipo mama mmoja alipopata habari kwamba dada yake ni mgonjwa sana huko Ubundu. Mwanawe akamtazamia nauli, naye akauza kuku wake akapata fedha kamili kama ilivyoandikwa. Alipofika Lubunga, wenye pikipiki walimtajia bei ambayo ilikuwa karibu mara mbili. Hawakumwonea, ndiyo bei iliyokuwa ikilipwa na kila mtu siku ile. Ilimbidi arudi, akakope, akavuke mto tena. Alifika Ubundu siku ya tatu, na dada yake alikuwa amekwisha kuzikwa. Aliporudi hakumlaumu mtu. Alisema tu, «Lakini Katekista, si ilikuwa imeandikwa?»

Neno hilo lilitusumbua. Katika mkutano wa vijana mmoja alisema, «Hatuna kosa. Kazi ilifanywa bure. Atolewaye bure asikague.» Mwingine akajibu, «Basi yule mama alikosa nini? Alikosa kwa kutuamini?» Tukajadiliana mpaka giza likaingia.

Mimi nawaza hivi. Ni kweli kabisa kwamba hakuna mtu aliyeweza kumdai kijana yule aanze. Wema wa namna hii hauna sheria ya kuulazimisha. Lakini kuanza ni jambo moja, na kusema kweli ni jambo lingine. Aandikaye mbele ya watu wote kwamba nauli ya Ubundu ni kadha, amewaambia watu neno, nao wamelichukua wakapangia safari yao na akiba yao. Neno hilo halipunguziwi uzito kwa kuwa lilitolewa bure. Ukimpa mtu chakula bure, je, ni halali kumpa kilichooza? Zawadi haina bei, lakini ina ukweli wake.

Tena tutazame jinsi chombo kama hiki kiharibikavyo. Mtumbwi ukitoboka, maji huonekana miguuni. Lakini orodha ya nauli ikizeeka haionyeshi dalili yoyote. Yajibu upesi na kwa herufi safi, kama siku ile ilipokuwa ya kweli. Chombo kilichokufa kabisa kisingalimdhuru mama yule. Angalikwenda kuuliza ng'ambo kabla ya kuuza kuku.

Jambo hili si la Kisangani tu. Mwingereza mmoja, Mark Smith, aliyekuwa akifanya kazi katika reli, alianza mwaka 2001 ukurasa wake wa intaneti uitwao Seat 61 kwa kupenda treni tu. Waeleza jinsi ya kusafiri kwa treni katika nchi nyingi, hata katika njia ya TAZARA kati ya Tanzania na Zambia. Huko Nairobi, wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu, pamoja na wenzao wa Marekani, walipanda matatu wakiwa na simu mkononi, wakaandika njia na vituo, na ramani yao ikatolewa mwaka 2014. Kazi za namna hii zina shida moja: haziishi. Barabara hubadilika, nauli hubadilika, na iliyokuwa kweli jana yapaswa kuulizwa tena leo.

Labda msomaji atasema, «Ukiwatwika vijana mzigo huo, nani atajitolea tena?» Hoja hiyo ina nguvu, nami siidharau. Lakini deni ninalolisema si kubwa. Sisemi kwamba aliyeanza hana ruhusa ya kuchoka, kuoa, kuhama au kwenda kusoma. Ana ruhusa ya kuacha. Asiyo nayo ni ruhusa ya kuacha kimya. Amkabidhi mwingine ufunguo. Na asipompata, aufunge mlango, au aandike juu yake kwamba hapaangaliwi tena. Dakika chache zingalitosha.

Mtakumbuka yule Msamaria mwema. Hakumwacha majeruhi mlangoni pa nyumba ya wageni akaenda zake. Alikuwa na safari yake, naye akaendelea nayo, lakini kwanza alimkabidhi mgonjwa kwa mwenye nyumba, akatoa fedha, akaahidi kulipa kilichopungua atakaporudi. Alitenda wema akaenda zake, na deni lake akalijua. Hapo naona mithali zetu mbili zikipatana.

Wala tusiwasahau wenye wajibu wa kwanza. Apokeaye nauli ndiye apaswaye kuitangaza waziwazi, mahali ambapo hata maskini aweza kuiona kabla hajatoa fedha. Vijana wakifanya kazi hiyo kwa mapendo, wajibu wa mwenye chombo haufutiki.

Basi vijana wetu walifanya nini? Walimwandikia mwenzao, naye akawapa ufunguo kwa furaha na kwa kuomba radhi. Mabinti wawili na fundi mmoja wa simu wakaanza kuutengeneza ukurasa. Kila Jumamosi mmoja wao huvuka mpaka Lubunga na kuuliza watu watatu: mwenye pikipiki, msafiri aliyefika, na mama auzaye chakula karibu na kituo. Watatu wakipatana, nauli yaandikwa pamoja na tarehe yake. Wasipopatana, zaandikwa bei zote mbili, ya chini na ya juu. Nauli iliyopita mwezi mmoja bila kuulizwa yaondolewa, na mahali pake huandikwa: «Hatujui. Uliza kabla ya kufunga safari.» Ufunguo wanao watu watatu, ili mmoja akiondoka kazi isilale.

Siku ya kwanza nilipoufungua ukurasa huo uliotengenezwa, niliona mahali pengi pameandikwa «Hatujui», nikadhani kazi bado ni mbaya. Kisha nikamkumbuka yule mama na kuku wake. Neno lile «Hatujui» lingalimtosha.

Nawe msomaji, ukishuka Lubunga ukitoka Ubundu, usipite haraka. Mwambie binti yule mwenye daftari kiasi ulicholipa, wala usipunguze wala usiongeze. Yuko mwingine nyuma yako ahesabuye fedha zake usiku huu.